Moto Uliopita Kando ya Issuna: Historia ya Volkano za Sayari Nyingine

Anayetoka Manyoni kwenda Singida mjini huingia nchi ya Wanyaturu na kuikuta kata ya Issuna, wilaya ya Ikungi, ambako ardhi yenyewe inajieleza kwa mawe. Ni miamba ya itale, mingine imelala chini chini, mingine imepandana juu ya mchanga kati ya mashamba ya mtama, uwele na alizeti. Umri wake unapita miaka bilioni 2.5. Issuna haina mlima wa moto, haina shimo la volkano, wala haina jivu lililogeuka jiwe. Hata hivyo, kilomita mia na ushei kuelekea kaskazini-mashariki umesimama Hanang, mlima wa volkano wenye urefu unaozidi mita 3,400, na karibu yake yako mashimo ya mlipuko ya Basotu. Ukienda mbele zaidi, kilomita 300 hivi kutoka Issuna, unaufikia Oldoinyo Lengai, unaomwaga lava hadi zama zetu hizi. Magharibi nako, kwa umbali unaokaribia huo huo, viko vilima vitatu vidogo vya Igwisi mkoani Tabora, vilivyolipuka wakati binadamu wamekwisha kuenea karibu dunia nzima. Kusini kuna volkano ya Rungwe. Moto umeizunguka Issuna na kuiacha. Hoja ninayotaka kuijenga hapa ni kwamba mahali hapa pasipo na volkano, palipo katikati ya volkano, panafundisha kuhusu volkano za sayari nyingine jambo ambalo wataalamu walihitaji karne tatu kulifikia: kwamba kuuliza ni sayari gani iliyo hai na ipi imekufa ni kuanza na swali lisilofaa. Linalofaa kuulizwa ni joto linatoka wapi, linakutana na tabaka gumu la unene gani, na linakaa mahali pamoja kwa muda gani.

Historia yenyewe ilianza kwa kudanganywa na maumbo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitaka kujua mashimo ya Mwezi yalitokana na nini. Alidondosha risasi kwenye udongo laini, akapata mashimo yanayofanana na yale ya mwezini. Kisha akachemsha unga wa alabasta, mapovu yakapasuka juu yake, akapata tena mashimo yanayofanana. Kwa kuwa wakati wake hakuna aliyejua kwamba angani kuna mawe ya kutosha kuupiga Mwezi, alichagua moto wa ndani. Karne moja baadaye, mwaka 1787, William Herschel, bingwa wa darubini aliyekuwa ameigundua sayari ya Uranus, alitangaza kwamba ameona volkano zikiwaka kwenye upande wa giza wa Mwezi. Hapakuwa na volkano yoyote inayowaka pale. Lakini wazo lilishika mizizi, na likadumu hata baada ya Grove Karl Gilbert, mwanajiolojia wa Marekani, kuonyesha katika miaka ya 1890 kwamba mashimo ya Mwezi yanaelezeka vizuri zaidi kwa kugongwa na mawe kutoka angani.

Aliyetaka kuamini volkano hakukosa mifano ya kumtia moyo. Ngorongoro ni bonde la duara lenye upana wa kilomita 20 hivi, limezungushiwa ukuta, na kweli ni volkano iliyobomokea ndani yake zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Mtu akiitazama kutoka juu, atasema Mwezi umejaa Ngorongoro. Ila shimo la Clavius huko mwezini lina upana unaozidi kilomita 200, na lina wenzake wa kila kipimo, hadi vishimo visivyozidi upana wa kidole. Hakuna jamii ya volkano duniani inayozaa mashimo ya ukubwa wote huo kwa umbo moja. Basi somo la kwanza lilikuwa la kukanya: umbo peke yake si ushahidi, na anayelinganisha dunia na sayari nyingine lazima alinganishe namna mambo yanavyotendeka, asilinganishe sura. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu ndilo pingamizi kubwa litakaloelekezwa kwa hoja yangu mwenyewe.

Mawe ya Apollo 11, yaliyoletwa duniani Julai 1969, yalipatanisha pande mbili zilizokuwa zikibishana. Mashimo mengi yalikuwa ya kugongwa, lakini mabonde meusi yaliyo ndani ya makubwa miongoni mwake yalikuwa yamejazwa basalti, yaani lava iliyoganda, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 3.5. Mwezi ulikuwa na moto, kisha ukapoa. Kutokana na hapo ikazaliwa kanuni iliyoonekana kuwa na akili sana: chombo kidogo hupoteza joto haraka kuliko kikubwa, kwa hiyo sayari ndogo hufa mapema. Mwezi umekufa, Mirihi iko mahututi, Dunia iko hai. Kanuni hiyo haikuwa ya kipuuzi. Joto la ndani ya sayari hutokana na mabaki ya kuumbwa kwake na kuvunjika kwa elementi nururifu kama urani, tori na potasiamu, na ni kweli kwamba mwili mdogo una eneo kubwa la kupozea ukilinganisha na ujazo wake. Kosa lilikuwa kudhani kwamba hesabu imeishia hapo.

Novemba 1971 chombo cha Marekani, Mariner 9, kilifika Mirihi na kuikuta imefunikwa na tufani la vumbi. Kamera hazikuona chochote isipokuwa madoa manne meusi yaliyojitokeza juu ya vumbi. Vumbi lilipotulia, madoa yakawa vilele vya volkano, na kubwa kuliko zote, iliyopewa jina la Olympus Mons, ina urefu wa kilomita 22 hivi na upana wa kilomita 600. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, ungehitaji kupandishwa juu ya mwenzake mara tatu na zaidi kuufikia. Sayari yenye kipenyo cha nusu ya Dunia imewezaje kuinua mlima wa namna hiyo? Wako waliosema sababu ni mvutano wake mdogo, ambao ni asilimia 38 tu ya wa Dunia. Mvutano una mchango wake, lakini hautoshi: Mwezi una mvutano mdogo zaidi na hauna mlima wa aina hiyo hata mmoja. Jibu lililokuja kukubalika ni la muda na utulivu. Duniani mabamba yanasogea, na volkano ikishajengwa juu ya chanzo cha joto huchukuliwa ikawekwa kando, nyingine ikaanza kujengwa nyuma yake. Visiwa vya Hawaii vimepangwa mstari kwa sababu hiyo. Mirihi haina mabamba yanayosogea. Chanzo kile kile kimemwaga lava mahali pale pale kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na kwa hesabu ya vishimo vya vimondo, baadhi ya mitiririko ya ubavuni mwa Olympus Mons ina umri wa mamilioni machache tu.

Hapa Afrika inaingia katika simulizi bila kualikwa. Mwaka 1972, wakati picha za Mariner 9 zingali mpya, Kevin Burke na J. Tuzo Wilson walichapisha hoja kwamba huenda bamba la Afrika limesimama juu ya vyanzo vyake vya joto kwa karibu miaka milioni 30, na kwamba ndiyo sababu bara hili lina nyanda zilizoinuka na volkano zilizotapakaa bila mistari kama ya Hawaii. Vipimo vya satelaiti vya miaka ya baadaye vimeonyesha kwamba bamba linasogea, sentimita 2 na zaidi kwa mwaka, kwa hiyo neno “limesimama” lilikuwa na chumvi. Hata hivyo kiini cha wazo lao kina uzito. Afrika ni miongoni mwa mabara yanayokwenda polepole, na kwa ajili hiyo ni mahali pa dunia panapofaa kutazamwa na mtu anayetaka kuelewa sayari isiyokwenda kabisa. Bara hili limepokea hata mawe ya Mirihi yenyewe: moja lilianguka Nakhla, Misri, Juni 1911, na jingine Zagami, Nigeria, Oktoba 1962. Yote mawili ni miamba iliyotokana na magma, na umri wake ni mdogo mno kwa jiwe la kutoka angani. Hayakueleweka asili yake hadi mwaka 1983, pale hewa iliyonaswa ndani ya jiwe la ukoo huo lililookotwa Antaktika ilipolinganishwa na hewa ya Mirihi iliyopimwa na vyombo vya Viking.

Pigo lililoivunja kanuni ya ukubwa lilikuja Machi 1979, na lilikuja kwa siku chache tu. Tarehe 2 mwezi huo Stanton Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds walichapisha hesabu iliyotabiri kwamba Io, mmoja wa miezi ya Mshtarii, lazima uwe umeyeyuka ndani. Mshtarii unauvuta Io kwa nguvu, nayo miezi jirani ya Europa na Ganymede inaulazimisha uzunguke kwa njia isiyo duara kamili. Kwa hiyo mwili wake unakandwa na kuachiwa katika kila mzunguko wa muda unaopungua siku mbili, na msuguano huo unageuka joto. Tarehe 5 chombo cha Voyager 1 kilipita karibu na Io. Tarehe 8 Linda Morabito, mhandisi wa uongozaji wa chombo, alikuwa akikagua picha iliyopigwa ili kutafuta nyota za kuongozea njia, akaona wingu pembeni mwa Io, limepaa karibu kilomita 300. Ilikuwa volkano hai ya kwanza kuonekana nje ya Dunia. Io una ukubwa unaokaribiana na wa Mwezi wetu uliopoa, nao una volkano hai zaidi ya 400 na lava yenye joto la kupita la volkano nyingi za leo duniani. Miili miwili ya ukubwa mmoja, mmoja jiwe baridi, mwingine tanuri. Baada ya hapo hakuna aliyeweza tena kusema kwa uaminifu kwamba udogo ni hukumu ya kifo. Chombo cha Cassini kilipoona mwaka 2005 chemchemi za mvuke na barafu zikiruka kutoka Enceladus, mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 500 tu, mshangao ulikuwa wa mahali, maana kanuni yenyewe ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Zuhura ilileta tatizo la upande wa pili. Ni sayari inayokaribia kulingana na Dunia kwa ukubwa, na kwa kanuni ya zamani ingepaswa kufanana nayo kwa moto. Mwaka 1982 vyombo vya Kisovieti, Venera 13 na Venera 14, vilitua kwenye uso wenye joto la nyuzi 460 hivi na kupima miamba kabla ya kuharibika. Venera 14 ilikuta basalti ya kawaida. Venera 13 ilikuta basalti yenye potasiamu nyingi, ya aina ambayo mwanajiolojia wa Afrika Mashariki angeikumbuka haraka, kwa kuwa lava zenye potasiamu nyingi ni jambo la kawaida kwenye tawi la magharibi la Bonde la Ufa, Uganda na Virunga. Toka mwanzo wa miaka ya 1980 wataalamu walikuwa wakiilinganisha Beta Regio, mwinuko mkubwa wa Zuhura uliopasuliwa na ufa wa Devana Chasma, na nyanda zetu zilizoinuka na kupasuka. Chombo cha Magellan kilipoichora karibu sayari yote kwa rada kati ya 1990 na 1994, kikaonyesha pia mifereji ambayo hakuna aliyeitarajia. Mmoja, Baltis Vallis, una urefu wa kilomita 6,800, kuushinda mto Nile. Maji hayawezi kukaa Zuhura. Ni kimiminika gani kilichoweza kwenda mbali namna hiyo bila kuganda?

Wakajitokeza waliotazama Oldoinyo Lengai. Mwaka 1960 J. Barry Dawson wa Idara ya Jiolojia ya Tanganyika aliushuhudia mlima huo ukitoa lava ambayo vitabu vya wakati ule havikuwa nayo, na mwaka 1962 akatangaza kwamba ni kaboneti za sodiamu, si silika kama lava nyingine. Lava ya Lengai hutoka ikiwa na nyuzi 500 na kitu, nusu ya joto la basalti. Mchana ni nyeusi, ni nyepesi kutiririka kuliko lava yoyote inayojulikana, na ikipata unyevu wa hewa hugeuka nyeupe kwa muda mfupi. Mwaka 1994 Jeffrey Kargel na wenzake walieleza kwamba lava ya kaboneti ikimwagwa juu ya uso wa Zuhura, ambao joto lake linakaribia lile la kuyeyuka kwake, ingepoa kidogo mno na ingeweza kuchimba mfereji mrefu. Wapinzani walijibu, na walikuwa na haki, kwamba Lengai hutoa lava kidogo sana, kwamba hakuna chombo kilichopima kaboneti Zuhura, na kwamba basalti nyembamba ikimwagika kwa wingi mno ingeweza kufanya kazi hiyo hiyo. Nami sidhani kwamba suala limekwisha. Ninachokishika ni kidogo kuliko hicho lakini ni imara: bila Lengai, hakuna ambaye angejua kwamba lava ya namna hiyo inawezekana. Mlima mmoja wa Arusha umepanua orodha ya mambo yanayoruhusiwa kutokea katika sayari nyingine.

Lakini kwa nini Lengai uko pale, na si Issuna? Jibu lilianza kuonekana mwaka 1994 na 1995, pale Andrew Nyblade na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Tanzania, walipotandaza vituo 20 vya kupima mitetemo ya ardhi katika nchi hii. Singida ilikuwa na kituo, Basotu, Kondoa na Urambo vilevile. Mawimbi ya matetemeko hupita kwa kasi katika mwamba baridi na kwa taratibu katika mwamba wa moto. Chini ya katikati ya Tanzania yalipita kwa kasi hadi kina cha kilomita 150 na zaidi. Chini ya Bonde la Ufa la mashariki yalichelewa. Maana yake ni kwamba miamba ya Issuna ni sehemu ya juu ya kiini kikongwe cha bara, ambacho wanajiolojia hukiita kratoni, chenye mzizi mnene na baridi. Joto linalopanda kutoka chini linagonga mzizi huo na kukwepa pembeni, ambako tabaka gumu ni jembamba. Ndiyo sababu Bonde la Ufa linagawanyika matawi mawili na kuizunguka kratoni hii mashariki na magharibi. Issuna iko upande wa ndani wa ukingo wa mashariki, juu ya mporomoko wa Kilimatinde na bonde la Bahi, mahali ambapo ufa unafika umechoka, bila volkano. Joto lipo chini, ila ngazi ya kupandia haipo.

Mtu makini atanikatiza hapa. Igwisi nayo iko juu ya kratoni hiyo hiyo, na ililipuka. Iweje basi mzizi mnene uwe ndio unaozuia? Ni pingamizi zuri, na ndilo lililonifanya nisiseme kwamba tabaka nene linazima moto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Richard Brown na wenzake ulionyesha kwamba vilima vya Igwisi vina umri wa miaka 12,000 hivi, na kwamba ni kimberliti, mwamba wa jamii ile ile iliyobeba almasi za Mwadui, Shinyanga. Karibu kimberliti zote nyingine zinazojulikana duniani zina umri wa makumi ya mamilioni ya miaka au zaidi. Tazama sasa tabia ya Igwisi: magma kidogo sana, iliyotoka kina kirefu, iliyojaa gesi, ikapita katika ufa mwembamba kwa haraka kabla haijaganda. Tabaka nene huchagua ni magma ipi ipite, nayo huwa ile nyepesi yenye gesi tu. Penye tabaka jembamba hupatikana Kilimanjaro na Hanang. Penye tabaka nene hupatikana Igwisi, au hapapatikani kitu, kama Issuna. Yote yamo ndani ya sayari moja na nchi moja.

Pingamizi la pili ni lile nililoliahidi: je, huku si kurudia kosa la Hooke, kulinganisha sura? Dunia ina bahari, ina mabamba yanayosogea, ina hewa tofauti. Zuhura na Mirihi hazina. Ni kweli, na mtu akisema Devana Chasma ni Bonde la Ufa la Zuhura kwa sababu tu picha zinafanana, atastahili kukanywa. Lakini kratoni ya Tanzania hailinganishwi kwa sura. Inalinganishwa kwa kipimo kinachoweza kuchukuliwa popote, yaani unene wa tabaka gumu, na kipimo hicho sasa kimechukuliwa Mirihi. Chombo cha InSight, kilichotua huko Novemba 2018 na kunyamaza Desemba 2022, kilitumia mitetemo kama ile iliyopimwa Singida, na matokeo yake yalikadiria tabaka gumu la Mirihi kuwa na unene wa kilomita 400 hadi 600. Mirihi nzima, kwa maneno mengine, ni Issuna iliyozidishwa mara kadhaa. Olympus Mons ulijengwa sehemu kubwa wakati tabaka hilo lilikuwa jembamba zaidi, na umedumu kwa sababu chanzo hakikuhama. Mitetemo mingi ya InSight ilitoka eneo moja, Cerberus Fossae, ambako kuna jivu linalokadiriwa kuwa na umri wa miaka 50,000 hivi, kidogo kwa wingi, lililorushwa kupitia ufa. Ni tabia ya Igwisi, na imetokea kwenye sayari iliyohesabiwa kuwa mahututi.

Zuhura ndiyo iliyobaki kupimwa. Mwaka 2023 Robert Herrick na Scott Hensley walizichambua upya picha za zamani za Magellan, wakakuta shimo karibu na Maat Mons lililopanuka kutoka kilomita za mraba 2 na kidogo hadi 4 kati ya Februari na Oktoba 1991. Volkano ilikuwa imebadilika mbele ya rada, na ushahidi ukakaa kwenye kumbukumbu miaka 30 bila kuonwa. Kuna rada za namna nyingine, zinazopita mara mbili juu ya mahali pamoja na kupima uso umesogea kiasi gani. Julai 2007 rada hizo zilionyesha ardhi ya Gelai, jirani na Lengai, ikipasuka na kutanuka kwa magma iliyojipenyeza chini yake bila kutoka nje. Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa Septemba, Lengai ulilipuka kwa jivu baada ya miaka mingi ya kutiririka kwa upole. Mbinu hiyo ndiyo NASA inakusudia kuipeleka Zuhura kwa chombo cha VERITAS, nalo shirika la anga la Ulaya litatuma EnVision. Vyote viwili vinatarajiwa katika miaka ya 2030. Iwapo hoja yangu ni sahihi, kusogea kwa ardhi ya Zuhura kutaonekana kwa wingi kandokando ya nyanda zake kongwe nene, kwenye mipasuko kama ile ya Beta Regio, huku nyanda hizo nene zenyewe zikikaa kimya au zikitoa vilima vidogo vya hapa na pale. Iwapo volkano kubwa zitakutwa zikilipuka katikati ya tabaka nene, penye mizizi baridi kama ya Singida, basi hoja hii itakuwa imeanguka, na miamba ya Issuna itahitaji kuelezwa upya tangu mwanzo.